Ukiniona na vigari usinicheke

MTU mzima akienda sokoni kuchagua suruali, hakuna anayemshangaa. Akichagua kitasa cha mlango, poa. Lakini mtu mwenye mvi akichuchumaa kwenye turubai la midoli ya mtumba, akawa anapindua kigari kimoja kimoja na kusoma maandishi ya chini, hapo ndipo watu wanapoanza kukonyezana.

Basi msomaji wangu, mmoja wa hao wenye mvi ni mimi. Natangaza mwenyewe ili mnisengenye nikiwepo.

Ugonjwa huu niliupata udogoni, Ngamiani, kule Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 80. Enzi hizo sukari yenyewe ilikuwa ya foleni, sembuse kitu cha kuchezea mtoto! Tulikuwa na magari ya waya yenye magurudumu ya ndala zilizokatika. Visoda na gololi ndizo zilikuwa fedha zetu. Kigari cha dukani, kile cha chuma kinachoenea kiganjani, ulikipata kwa bahati tu. Mimi bahati yangu ilikuwa mjomba baharia. Kila meli yake ikirudi, kimoja.

Vingine nilivinunua mtaani. Kisicho na mlango, gololi 10. Kizima, gololi 20 na visoda juu. Hadi namaliza la saba nilikuwa navyo 14 kwenye kopo la maziwa ya unga. Nikaenda sekondari ya bweni. Narudi likizo, kopo linapimia mchele, vigari vimegawiwa watoto wa mtaa mzima. Sikulia, maana ndevu zilishaanza kuota!

Ikapita miaka karibu 40. Siku moja nipo Karume, Ilala, nimefuata viatu. Naona kilori chekundu kimelala katikati ya midoli. Nakipindua, nasoma: Lesney, Made in England. Kijana akaniambia, "Mzee, toa buku tu." Jamani, mikono ilitetemeka.

Sasa sikieni utamu wa hilo jina. Mwaka 1947 jijini London, Leslie Smith na Rodney Smith, ambao wala hawakuwa ndugu, walianzisha kampuni. Wakachukua Les ya mmoja na ney ya mwenzake. Fundi wao, Jack Odell, alikuwa na binti ambaye shuleni kwao waliruhusiwa kuja na kitu cha kuchezea kinachoenea kwenye kiberiti tu. Baba akamtengenezea kigari kidogo cha kushindilia barabara. Wenzake darasani nao wakavitaka! Ndiyo vikazaliwa vigari vya Matchbox, mwaka 1953.

Mwaka 1968 Wamarekani wa Mattel wakaleta Hot Wheels, magurudumu yanateleza si mchezo. Matchbox nao mwaka uliofuata wakabadili magurudumu ili wasiachwe. Lakini wapi, Lesney ikafilisika mwaka 1982. Tangu 1997 majina yote mawili yako chini ya Mattel. Kwa hiyo ukikuta Lesney kwenye mtumba, ujue ni mzee mwenzetu.

Angalizo kwa wageni wa fani. Mwaka ulioandikwa chini ya Hot Wheels aghalabu ni wa kubuniwa umbo lile, siyo wa kutoka kiwandani. Ukiona 1969 usipige vigelegele kwanza. Pili, tunasema vya chuma, lakini bodi zake nyingi zina zinki, ukiweka sumaku haing'ang'anii. Tatu, rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Mtoto anayetia kila kitu mdomoni asipewe kigari kikongwe.

Nyumbani je? Mama watoto aliniuliza mara moja tu: "Baba, hela ya umeme unayo?" Nikaelewa. Tukakubaliana kwamba vigari vitakula ile hela niliyokuwa nampa muuza sigara, basi. Sigara nimeacha, vigari vimefika 63, na umeme unawaka.

Ugomvi mkubwa upo kwa wakusanyaji wenzangu. Kijana mmoja wa kazini kwetu naye anavyo, lakini vyake vyote viko kwenye pakiti. Hajavigusa. "Mzee, ukifungua umeua thamani," ananiambia. Kwa soko la Ulaya na Marekani yuko sahihi, kigari kizima chenye boksi lake kinauzwa ghali kuliko kilichochubuka.

Mimi nilikuwa karibu kumfuata, tena kabati nilishalitia kufuli. Hadi mwaka jana.

Kuna jamaa yangu wa barabara ya 14, tumecheza wote. Alifiwa na mkewe, na tangu siku ile akawa haongei. Unamsalimia, anatikisa kichwa. Wanawe wakamleta Dar, nikamkaribisha kwangu. Kakaa saa nzima kimya, chai inapoa. Nikaishiwa maneno, nikafungua kabati.

Akachukua kile kilori chekundu. Akakipindua. Akakiweka kwenye mkono wa kochi, akakisukuma, na mdomo wake ukaanza: vruuum! Mtu mwenye wajukuu sita! Kisha akanikazia macho. "Hiki nilikuuzia wewe kwa gololi 20. Ulinipa 18."

Si chenyewe, msomaji, kinafanana tu. Lakini nani atabishana naye? Tulizozana kuhusu gololi mbili hadi magharibi, na alipoondoka kilori kiliondoka naye mfukoni. Siku hizi kila Jumapili anapiga simu kukumbushia deni lake.

Kufuli nimelitoa. Wajukuu wanavibingirisha sebuleni, rangi zinabanduka, na yule kijana wa kazini akisikia anashika kichwa. Namwambia, vya kwako siku moja utaviuza kwa bei nzuri, nakuombea heri. Mimi nilikuwa nauziana na watu niliowajua majina, na bado wapo wachache.

Na wewe, ulikuwa unakusanya nini? Visoda? Maboksi ya sigara? Mtafute mliyekuwa mkibadilishana naye kabla hajapoteza sauti. Mie nakwenda Karume, nasikia wamefungua robota jipya. Wiki ijayo!