Ghala la Chakula na Siri ya Jirani



Ndugu zangu Waislamu, wazee kwa vijana, mwezi huu napenda tuzungumze khabari ya ghala la chakula la mtaa, yaani akiba iwekwayo na majirani ili nyumba iliyopungukiwa isilale na njaa. Wengine hudhani jambo hili limetoka ng'ambo. Ni kweli kwamba huko Marekani, katika mji wa Phoenix, bwana mmoja aitwaye John van Hengel alianzisha mwaka 1967 ghala la kupokea vyakula vilivyosalia ili wapewe wahitaji, na mfano wake ukaenea katika nchi nyingi. Lakini sisi tangu utoto twajua kupima kibaba na pishi kwa ajili ya wasio nacho.

Taabu yetu ni wakati. Siku ya Idi mchele huwa tele hapa Kilakala. Idi huzunguka kwa kufuata mwezi, lakini njaa ya Uluguru ina majira yake: huja kabla ya mavuno ya masika, wakati mahindi ya mwaka uliopita yamekwisha na mapya yangali shambani. Mama ateremkaye mlimani na mkungu wa ndizi kichwani, siku hizo huuza apate unga wa jioni ile ile.

Na hapa pana jambo la sheria ambalo wengi hulisahau. Zakatul-Fitri haiwekwi ghalani. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, yapasa iwafikie wenye haki yake kabla ya jua kutua siku ya Idi, na bora ni kabla ya Sala ya Idi. Basi asiseme mtu, "Tuikusanye Fitri tuiweke hata Februari." Ghala na lijazwe kwa sadaka.

Njia tuliyoiona nyepesi ni hii: mama apimapo mchele au maharagwe ya kupika, huteka konzi moja akaitia katika kopo lake, na siku ya Ijumaa watoto huyaleta makopo chuoni. Unga hatupokei, khasa wa dona, maana haukawii kuharibika. Mahindi twayapokea makavu kabisa, na kuyatia katika mifuko isiyopitisha hewa, kwa kumwogopa dumuzi, yule mdudu aliyeingia nchini kwa upande wa Tabora katika miaka ya 1970, ambaye watu wamemwita Skania. Asiyemjua aulize wakulima.

Sasa nitasema aibu yangu. Mara ya kwanza tulipogawa, mimi mwenyewe nilisimama uani nikasoma majina kwa sauti, nikidhani ndio uadilifu, watu waone kwamba hapana upendeleo. Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa miaka kumi na miwili, alisikia jina la mama yake likitajwa mbele ya wenzake. Alilipokea furushi akalipeleka nyumbani. Chuoni hakurudi tena. Nilikwenda kwao mara mbili, mara ya pili mama yake alinirudishia mfuko wetu, umekunjwa vizuri, akaniambia, "Ahsante, maalim. Sisi tumeshiba."

Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 273, Mwenyezi Mungu anatutajia mafakiri ambao asiyewajua huwadhani matajiri, kwa vile wanavyojizuia wasiombe. Aya hiyo nilikuwa nikiifundisha miaka mingi.

Tangu siku hiyo majina hujulikana na watu wawili tu, mzee mmoja na mama mmoja. Mimi siyajui, wala siyaulizi. Mama huyo ndiye macho yetu, kwani wanawake huonana mashineni, na nyumba isiyopeleka mahindi kusagwa wiki nzima, yeye huitambua. Mafurushi yote hufungwa sawasawa, hupelekwa baada ya Isha, na apelekaye hupiga hodi, akaweka, akaenda zake. Picha hazipigwi. Siku hizi wako watu ambao kilo moja ya sukari haitoki mkononi mwao mpaka simu iwe imewaelekea.

Kijana mmoja ameniuliza: jirani yetu Mkristo, mjane, mwenye wajukuu watatu, je, aweza kupewa katika ghala hili? Mwanangu, zaka ina watu wake wanane, waliotajwa katika Sura ya At-Tawba, aya ya 60, na kwa madhehebu yetu haitolewi kwa asiye Mwislamu. Lakini hii ni sadaka. Na katika Sura ya Al-Insan, aya ya 8, wamesifiwa waliomlisha maskini na yatima na mateka, na mateka wa siku zile alikuwa mtu wa dini nyingine, aliyetekwa vitani. Mwambie yule mama jina la mjane huyo, kwa siri. Na maharagwe yasipungue, kwa sababu wajukuu ni wadogo.