Tunduma haiishii kwenye foleni ya malori

KUTOKA MPAKANI
Na Ezekia Simbeye

Mgeni akihamia Tunduma, siku zake za mwanzo huishia kwenye kutafuta chumba. Dalali atamzungusha Sogea, Majengo na Kaloleni. Mwenye nyumba atadai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, mwenyekiti wa mtaa atataka kumfahamu, na jirani atamweleza habari za maji: lini yanatoka bombani na lini itabidi anunue kwa ndoo. Akishatulia, maisha yanashika njia moja, nyumbani, kazini, sokoni, boda. Mwaka unakatika. Muulize anaujuaje mji wake, atakutajia kwacha jana ilikuwa shilingi ngapi, malori yamepanga foleni hadi wapi, na basi gani linatangulia kuondoka alfajiri kwenda Dar es Salaam. Chitete hajafika. Wapo hata wasiojua iko upande gani.

Jambo hili linaniuma, kwa sababu Tunduma ni mji wa wahamaji kuliko mji mwingine wowote ninaoujua katika nyanda hizi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu hapa watu wasiofika laki moja; ile ya 2022 ilikuta wamezidi laki mbili. Hao hawakuzaliwa wote hapa. Ni mawakala wa forodha kutoka Dar, walimu kutoka Kilimanjaro na Kagera, wafanyabiashara wa nguo kutoka Njombe na Iringa, mafundi wa malori, madereva waliooa hapa wakabaki, mabinti wa Rukwa waliokuja kufanya kazi za hotelini. Mji unaokua hivyo unaweza kujaa watu wanaoishi mahali wasipopajua, na kuharibu usichokijua ni rahisi sana.

Maoni yangu ni kwamba mtu bado hajahamia Tunduma mpaka azifuate barabara zake hadi zinakokwenda, na ya kuanza nayo ni ya Chitete.

Nataja Chitete kwa makusudi. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na kabla ya hapo, mwaka 2012, Wilaya ya Momba ilitolewa Mbozi. Tunduma imo ndani ya Momba, ingawa ina halmashauri yake ya mji. Halmashauri ya Wilaya ya Momba, ile inayobeba vijiji, mashamba na mifugo, makao yake ni Chitete. Kwa hiyo mwenye chumba Makambini au Uwanjani ni mkazi wa wilaya ambayo sehemu yake kubwa hajaitia machoni.

Sababu iko kwenye historia ya barabara zetu. Mji huu umelelewa na watu wanaopita. Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walipogawana ardhi kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, Waingereza waling'ang'ania njia waliyoiita Stevenson, iliyounganisha maziwa hayo mawili, ibaki upande wao. Wanyamwanga wakajikuta wamekatwa katikati, ndugu huku na ndugu kule, kwa sababu ya njia ya misafara ya watu wengine. Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia, Zambia ilihitaji upesi mlango mwingine wa kuelekea baharini. Mafuta yakaanza kupita hapa kwenda kusini na shaba kuja kaskazini, kwenye barabara ya udongo iliyoua madereva wengi. Lilifuata bomba la TAZAMA mwaka 1968, kisha reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Oktoba 2019 marais Magufuli na Lungu walizindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani. Yote haya yamejengwa ili mzigo upite. Hata lami ya kwenda Sumbawanga, iliyoanza kwa msaada wa Marekani wakati wa Rais Kikwete, wengi wetu tunaiona kama njia ya mkato ya kufika Mpanda na Kigoma.

Barabara ya Chitete haipitishi shaba ya mtu. Anayeishika anakwenda kwa wenyeji.

Unatoka Tunduma kwa lami ile ile ya Sumbawanga, ukipita vijiji vya tarafa ya Ndalambo vilivyo ukanda wa juu, kwenye mahindi, maharage na upepo wa baridi. Kisha unaiacha lami. Njia inaanza kuteremka, masikio yanaziba kidogo, joto linapanda, na mtu aliyevaa sweta la asubuhi analivua na kulipakata. Huko chini, kuelekea Msangano na hatimaye bonde la Ziwa Rukwa, ni nchi nyingine kabisa: mpunga, ufuta, ng'ombe wengi, na wafugaji wa Kisukuma waliohamia wakaongeza lugha nyingine magulioni. Ndani ya wilaya hiyo hiyo moja umepita hali za hewa mbili na mazao ya aina mbili.

Kwenye safari moja nilikaa kiti cha nyuma cha Noah, kati ya kijana mwalimu aliyekuwa mgeni Tunduma na mama mmoja mfanyabiashara mwenye magunia matupu yaliyofungwa kwa kamba. Mama akamuuliza, "Mwalimu, mchele unanunua wapi?"

"Sokoni tu, mama."

"Wanakwambia umetoka wapi?"

"Kyela."

Mama hakumjibu. Alifungua pindo la kanga akatoa punje chache za mpunga, akaweka moja katikati ya meno na kuikata. Ikalia. Akampa mwalimu naye ajaribu. "Ikilia hivyo, umekauka. Ikibonyea, achana nao, utaoza ghalani." Kisha akamweleza kwamba hata kukausha kuna adabu yake. Mpunga ukianikwa kwenye jua kali kwa pupa, punje inapasuka ndani kabla hata haijafika mashineni, na mkoboaji anakurudishia chenga tupu. "Huu ni wa Kamsamba, mwanangu," akamalizia. "Huo unaouziwa wa Kyela, mwingi wake ni huu."

Sina neno na wakulima wa Kyela. Mchele wao umejipatia jina kwa haki. Lakini mwalimu yule alikuwa amekula jasho la watu wa wilaya yake mwenyewe bila kulijua kwa jina, na angeendelea hivyo kama asingepanda gari lile. Hilo ndilo ninalolisema kuhusu kuhamia mji. Ukijua chakula chako kinatoka bonde gani, na kwamba mvua ikikata njia sahani yako inapanda bei, habari za barabara ya vijijini zinakuwa zako. Hutasikia tena "kata ya mbali haipitiki" ukageuza stesheni ya redio.

Ukifika Chitete usitarajie jiji. Utakuta makao makuu yanayojengeka, ofisi, nyumba za watumishi, wafanyabiashara wadogo waliowafuata watumishi hao, na wananchi waliosafiri kutoka kata za mbali kufuatilia mambo yao. Kaa kibarazani kwa mama lishe, agiza wali na maharage, usikilize wanachozungumza. Nina hakika saa moja pale inamfundisha mgeni mambo ya Momba ambayo asingeyasikia boda kwa miezi mingi, maana boda kila mtu ana haraka na kila swali lina bei.

Mwenye nafasi aendelee hadi Kamsamba, alione Daraja la Momba. Kabla halijajengwa, mto ukijaa, watu wa Songwe na wa Rukwa waliangaliana kutoka kingo mbili. Sasa magari yanavuka kwenda Kilyamatundu na bonde lote la Rukwa. Mto huo unaishia Ziwa Rukwa, ziwa ambalo maji yake hayana pa kutokea.

Na huko ndiko iliko Ivuna, mahali ninapotamani kila mtoto wa Tunduma apajue. Kuna chemchemi za maji ya chumvi. Wataalamu wa mambo ya kale, Brian Fagan na John Yellen, walichapisha mwaka 1968 utafiti wao kuhusu mabaki ya vyungu na majivu yaliyorundikana kwenye chemchemi hizo, na wakaonyesha kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi pale tangu karne ya 13 hivi. Fikiria miaka hiyo: Kilwa ikisimamisha majengo yake ya mawe pwani, huku bara, katika bonde letu, watu wanachuja udongo wa chumvi, wanachemsha, wanabadilishana na majirani. Biashara ya ukanda huu ina umri mkubwa kuliko mpaka, kuliko lori na kuliko kwacha.

Ivuna ina jina jingine kubwa duniani ambalo hapa nyumbani halitajwi. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka kimondo pale. Kilichookotwa ni kidogo, gramu 705 tu, lakini ni cha aina adimu mno. Vimondo vya aina hiyo vilivyoonekana vikianguka, tangu kile cha Alais nchini Ufaransa mwaka 1806, ni vitano. Wanasayansi wanaliita kundi hilo CI, na hiyo I ni Ivuna. Wanalithamini kwa sababu ukiacha gesi nyepesi kama hidrojeni na heli, uwiano wa elementi zake unakaribia sana ule wa jua lenyewe, hivyo wanalitumia kama kipimo cha malighafi iliyounda sayari. Desemba 2020 chombo cha Wajapani, Hayabusa2, kilileta mchanga kutoka kwenye sayari ndogo ya Ryugu. Walipoupima maabara, waliulinganisha na nini? Na mawe ya kundi la Ivuna, na wakakuta yanashabihiana.

Kijiji cha Wilaya ya Momba kimo kwenye vitabu vya sayansi vya Tokyo na London, na kijana wa Tunduma anamaliza kidato cha nne bila kulisikia jina hilo. Wengi wamekwenda kutazama Kimondo cha Mbozi pale Ndolezi, kile cha chuma kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, nami nawasifu walimu wanaowapeleka. Lakini nawaomba wapange safari ya pili, ya upande huu wa bonde.

Najua nitajibiwa kwamba safari ni fedha. Ni kweli. Mama mwenye meza ya nyanya hawezi kufunga biashara siku mbili, na kijana wa kubeba mizigo analipwa kwa alichobeba leo. Hao siwadai chochote. Nawadai watumishi wenye likizo, mawakala wenye magari yanayolala siku za mapumziko, na wafanyabiashara wanaokwenda Dar kila mwezi. Wengine watanijibu kwamba njia ni mbovu. Nakubali kwamba msimu wa mvua kuna vipande vinavyomshinda dereva mzoefu, na ndiyo maana nataka wenye sauti waipite njia hiyo. Barabara ya kwenda makao makuu ya wilaya inastahili lami kuanzia inapoachana na ile ya Sumbawanga hadi mlangoni mwa ofisi, na ombi hilo lina nguvu zaidi likitoka kwa mtu aliyeshuka kusukuma gari kuliko kwa aliyesoma taarifa.

Halmashauri zetu mbili, ya Mji wa Tunduma na ya Wilaya ya Momba, zinaweza kuanza na mambo madogo. Mtumishi mpya anayeripoti Tunduma apewe, pamoja na barua zake, siku ya kutembezwa Chitete. Pale Ivuna historia ya chumvi na ya kimondo iandikwe kwa Kiswahili chepesi, mtoto aisome mwenyewe. Na stendi iwekwe kibao kinachoonyesha magari ya Chitete na Kamsamba yanaondoka saa ngapi, maana mgeni asiye na wa kumuuliza huishia kurudi chumbani.

Kwa anayetaka kwenda sasa, asingoje kibao. Nenda kati ya Juni na Oktoba, njia ikiwa kavu na mpunga umeshavunwa. Panda gari la alfajiri, maana la mchana linaweza kukufikisha usiku. Beba sweta la kupandia na maji ya kutosha ya kushukia, toa fedha taslimu kabla ya kuondoka, na usijaribu kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ukikuta mama mwenye magunia matupu garini, kaa karibu naye, umuulize bei ya mpunga iko vipi huko chini mwaka huu.