Usihesabu Vichwa Tu: Funzo Kutoka kwa Ng'ombe Miski

Ndugu mfugaji, leo naomba tutoke kidogo bomani kwako twende mbali, hadi Aktiki. Huko kuna mnyama pori aitwaye ng'ombe miski. Ana manyoya marefu yanayokaribia kugusa ardhi, na ingawa anaitwa ng'ombe, kwa ukoo yuko karibu zaidi na mbuzi na kondoo.

Huko Alaska, Marekani, mnyama huyu alitoweka kabisa. Mwaka 1930 wakakamatwa 34 mashariki mwa Greenland, wakasafirishwa hadi Alaska, na mwaka 1935 na 1936 wanyama 31 wakawekwa kwenye kisiwa cha Nunivak. Kufikia 1968 walikuwa takriban 750. Piga hesabu: kwa wastani kundi liliongezeka maradufu karibu kila miaka 7, tena kwa mnyama ambaye kwa kawaida huzaa ndama mmoja tu. Malisho yalikuwa hayajaguswa, na kisiwani hapakuwa na mbwa mwitu wala dubu.

Wengi wangeishia hapo na kupiga makofi. Mimi naona la kusifiwa ni lililofuata. Wasimamizi hawakudanganywa na majani mengi ya majira ya joto. Waliangalia majira ya baridi, wakati theluji inapofunika kisiwa na wanyama hubaki kwenye sehemu chache ambazo upepo umepunguza theluji. Sehemu hizo ndizo zinazoamua kisiwa kinaweza kubeba wangapi. Kuanzia 1967 walianza kuhamisha wanyama kwenda kisiwa cha Nelson, sehemu nyingine za Alaska, na hata Urusi. Mwaka 1975 wakaruhusu uwindaji wa vibali. Yaani walipunguza kundi kabla malisho hayajaisha.

Si kila mahali mambo yalikwenda hivyo. Svalbard waliletwa 17 mwaka 1929, na kufikia miaka ya 1980 hakubaki hata mmoja. Sweden waliingia wanyama 5 kutoka Norway mwaka 1971. Waliongezeka hadi karibu 30, kisha wakashuka hadi chini ya 10. Kundi lililoanza na wachache huishia kupandana ndugu kwa ndugu, na ndama huwa dhaifu.

Maoni yangu ni haya: kuongezeka kwa haraka miaka ya mwanzo si ushahidi kwamba mambo yako sawa. Ni ushahidi kwamba malisho bado yapo. Hata sisi maofisa ugani tuna kosa hapa. Taarifa zetu huuliza waligawiwa mbuzi wangapi na sasa wako wangapi, lakini mara chache huuliza watakula nini Oktoba.

Najua utaniambia, "Afisa, ng'ombe miski ni wa porini, wangu ni akiba, ni mahari, ni ada ya mtoto." Ni kweli, wala sikatai. Lakini akiba inayokonda na kufa kiangazi si akiba tena. Mbuzi uliyemkatalia mnunuzi mwezi Juni akiwa amenona, mwezi Oktoba utambembeleza huyo huyo akuchukulie kwa nusu ya bei.

Kwa hiyo fanya mambo matatu:

1. Pima malisho yako kwa mwezi mbaya kuliko yote, si kwa mwezi wa mvua. Jiulize kundi hili lilikula nini Oktoba iliyopita, na mwaka huu wameongezeka wangapi.

2. Punguza mapema. Mvua zikiisha na mifugo ikiwa bado na mwili mzuri, uza madume ya ziada na majike yaliyozeeka. Fedha nyingine nunulia au tengenezea hei.

3. Badilisha beberu au dume kabla mabinti zake hawajaanza kupandwa. Badilishaneni na jirani wa kijiji kingine, ila kwanza hakikisheni afya ya wanyama wote wawili. Usibadilishane na mtu aliyepata mbegu pale pale ulipopata wewe.

Leo jioni mifugo ikirudi bomani, hesabu kama kawaida yako. Kisha kesho asubuhi nenda kaangalie majani yaliyobaki, ndipo uamue wangapi wavuke kiangazi.