Usugu wa dawa: Kwa nini homa isiyo malaria ni mtihani kwa wazazi wa Miono

MZAZI wa Miono, wilayani Bagamoyo, ambaye mtoto wake ameshikwa na homa, leo anayo nafuu ambayo wazazi wa zamani hawakuwa nayo. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu katika muda wa dakika chache. Tatizo huanza pale jibu linapokuwa kwamba hakuna malaria, kwa kuwa kipimo hicho hakielezi homa imetoka wapi.

Hapo ndipo mganga hulazimika kutoa antibayotiki kwa kuangalia dalili tu. Kuotesha damu ili kumtambua bakteria na dawa inayomuua kunahitaji maabara yenye vifaa na wataalamu, ambayo kwa kawaida hupatikana katika hospitali kubwa, na majibu huchukua siku kadhaa. Mtoto ambaye damu yake imevamiwa na bakteria hana siku hizo.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika katika utafiti uliofanywa Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2001 na 2002, na kuchapishwa mwaka 2007. Kati ya watoto 1,828 wa umri usiozidi miaka saba waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizi makali, 255 walithibitika kuwa na bakteria au fangasi katika damu. Zaidi ya theluthi moja ya hao, yaani asilimia 34.9, walifariki dunia.

Kwa waliopatwa na bakteria wa kundi linalojumuisha klebsiela, salmonela na E. koli, vifo vilifikia asilimia 43.5, wakati vya malaria vilikuwa asilimia 20.2. Miongoni mwa mambo yaliyoongeza hatari ya kifo ni kupewa dawa ambayo bakteria alikwisha kuizoea, pamoja na maambukizi ya virusi vya Ukimwi.

Taarifa nyingine ya watafiti hao, ya mwaka 2005, ilionyesha kuwa pale bakteria walipokuwa na kimeng'enya kinachovunja nguvu za antibayotiki za kundi la sefalosporini, waliofariki walikuwa asilimia 71. Kwa wasio na kimeng'enya hicho walikuwa asilimia 39.

Nani yumo hatarini zaidi? Wa kwanza ni mtoto mchanga, hasa njiti, ambaye kinga yake bado haijakomaa. Wengine ni wenye utapiamlo, waliolazwa muda mrefu, na waliowekewa mipira ya mkojo au sindano za kudumu kwenye mishipa, ambazo huwa mlango wa vijidudu iwapo mikono ya mhudumu haikunawa. Aidha, yumo aliyetumia antibayotiki siku za karibuni, kwani dawa huua bakteria dhaifu na kuwaachia uwanja walio sugu.

Jambo hilo la mwisho linagusa kila nyumba. Katika utafiti wa Muhimbili, theluthi mbili ya watoto walikuwa wamekwisha kupewa antibayotiki kabla damu yao haijachukuliwa.

Maduka ya Dawa Muhimu, yaliyoanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, yameruhusiwa kuuza baadhi ya antibayotiki kwa cheti ili kuwafikia wananchi walio mbali na famasi. Lengo ni jema. Lakini dawa inapouzwa bila cheti, au nusu dozi kwa kuwa fedha ya mnunuzi imeishia hapo, duka lililokusudiwa kuokoa maisha hugeuka shamba la kuoteshea usugu.

Hata hivyo, kumlaumu mwananchi peke yake si haki. Anayenunua vidonge vinne badala ya dozi kamili mara nyingi amepima kati ya dawa na chakula cha siku. Serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu mwaka 2017, ukafuatiwa na wa pili unaoanzia 2023 hadi 2028. Kipimo cha mipango hiyo kitakuwa katika mambo ya kawaida: maji na sabuni katika wodi ya wazazi, dozi inayonunulika, na maabara ya kuotesha damu iliyo karibu zaidi na mgonjwa.

Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kuwa usugu ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Antibayotiki mpya huchukua miaka mingi kupatikana, na bei yake huwa kubwa. Kwa mtoto wa Miono, zilizopo sasa ndizo za kulindwa.