Wagreki wa Kale: Tusiwaabudu, Tusiwatupe

Wazee wengi wa Katanga waliwajua Wagreki kama watu wa duka, wenye kuuza nguo, chumvi na samaki. Leo twataka kusema habari za mababu wa Wagreki hao, wale wa zamani sana, kwa maana juu yao kuna ushindani wa maneno katikati ya Wakristu wetu, na ushindani huo unawapoteza vijana wanaosoma.

Kuna wanaosema: «Ustaarabu wote ulitoka Ugreki. Mwafrika hana hekima ila ile aliyoazima.» Wengine wanawajibu kwa hasira: «Wagreki walikuwa wapagani, tena ni mambo ya Wazungu. Mkristu wa Afrika ana kazi gani nao?» Sisi twasema kwamba wote wawili wamekosa, na kosa lao ni moja: wanadhani ukweli una kabila.

Tuanze na wale wanaopiga magoti. Ndugu, Wagreki wenyewe hawakusema kama ninyi. Herodotus, mwandishi wao wa habari za kale, alikiri kwamba walipata mambo mengi kutoka Misri, na herufi zao kutoka kwa Wafoinike. Eratosthenes, aliyepima mzunguko wa dunia kwa kivuli cha jua, alizaliwa Kirene, katika nchi iitwayo leo Libya, akafanya kazi yake Alexandria ya Misri. Basi Afrika haikuwa mgeni katika nyumba hiyo. Sifa ya kweli ya Wagreki si kwamba walianzisha kila kitu, ila kwamba walizoea kuuliza «kwa nini?» na kutaka hoja mahali pa amri. Socrates alishika desturi hiyo hata kufa; mwaka 399 kabla ya Kristu watu wa mji wake mwenyewe, Athene, walimhukumu anywe sumu.

Tena, mnapousifu mji huo kwa baraza lake, ambamo raia walikata mashauri ya nchi kwa kura, msifiche upande wa pili. Wanawake hawakuwa na kura, wala wageni, wala watumwa. Fedha ya Athene ilichimbwa na watumwa katika migodi ya Laurion, na kwa fedha hiyo zilijengwa merikebu zilizowashinda Waajemi huko Salamina mwaka 480 kabla ya Kristu. Msomaji wa Katanga hahitaji kuelezwa mgodi ni kitu gani. Naye Aristoteles, mwenye akili nyingi namna ile, aliandika kwamba wako watu waliozaliwa kuwa watumwa kwa asili yao. Neno hilo halikufa pamoja naye. Mwaka 1550, huko Valladolid katika Hispania, msomi Sepúlveda alilishika ili kuhalalisha vita juu ya wenyeji wa Amerika, na Askofu Las Casas akasimama kumpinga. Wote wawili walikuwa Wakatoliki. Mmoja alimeza samaki pamoja na miiba yake. Mwingine alikumbuka mafundisho ya Mtakatifu Paulo, kwamba katika Kristu mtumwa na mtu huru ni kitu kimoja.

Sasa tuwageukie wale wanaotaka kutupa. Mnasema: ni upagani. Lakini Agano Jipya lote tumelipata kwa lugha ya Kigreki. Paulo alipofika Athene hakuanza kwa matukano: alitaja madhabahu waliyomjengea Mungu wasiyemjua, akataja na maneno ya washairi wao, kisha akawahubiri ufufuko. Wengine walicheka; Dionisi na Damari waliamini. Ni kweli, Tertuliano wa Kartago aliuliza Athene ina shirika gani na Yeruzalemu. Lakini Mwafrika mwenzake, Mtakatifu Agostino, alifundisha kwamba Wakristu wachukue yaliyo mema ya wapagani, kama Waisraeli walivyotoka na dhahabu ya Misri.

Mnasema pia: ni mambo ya Wazungu. Je, askofu, Biblia na Ekaristi, majina hayo yalitoka wapi? Hata kalamu, karatasi na falsafa ni maneno ya asili ya Kigreki yaliyotufikia kwa njia ya Waarabu. Anayetaka kutupa kila kitu cha Wagreki aanze na kalamu anayotuandikia barua zake.

Kanisa lenyewe halikupokea kwa haraka, wala halikukataa milele. Mwaka 1210, mjini Paris, maaskofu walikataza kufundisha vitabu vya Aristoteles juu ya maumbile. Katika karne ile ile Tomaso wa Aquino alivisoma, akavichambua, akakataa visivyopatana na imani, akajenga juu ya vilivyobaki. Na mwaka 1323 akatangazwa mtakatifu. Hiyo ndiyo kazi ya ungo: pumba huanguka, nafaka hubaki.

Hapo ndipo neno letu lenyewe. Ikiwa Kanisa lilipepeta hekima ya wapagani wa Athene, nani atatukataza kupepeta hekima ya mababu zetu? Padri Placide Tempels alianza kazi hiyo katika Katanga, na mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilitoka Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Mwaka 1956 Padri Alexis Kagame wa Rwanda alichukua kipimo cha Aristoteles akapima nacho lugha ya Kinyarwanda, akaonyesha namna watu wake wanavyofahamu mambo yaliyopo. Hakuwaabudu Wagreki, wala hakuwatupa. Alichukua chombo chao akalima shamba la kwao.

Basi, walimu, msiwafundishe watoto wetu kwamba akili ilizaliwa Ulaya. Wazazi, msiwazuie watoto kusoma vitabu vya kale kwa kuogopa upagani. Nanyi vijana, ulizeni «kwa nini?» mbele ya Wagreki, mbele ya Wazungu, na mbele ya wazee wetu pia, kwa heshima lakini bila woga. Ukweli wote, popote unapookotwa, una mwenyewe mmoja, naye ni Mungu.