Picha ya Mlangoni

Wapo leo wachoraji wanaotengeneza michezo ya video kwa nia ya kutetea heshima ya mwanamke. Nia hiyo siicheki. Lakini namuuliza mchoraji: katika picha ya ufunguzi, ile aionayo mtoto kabla hajabonyeza kitu, umemweka mwanamke afanye nini?

Tazameni Metroid, mchezo wa Kijapani wa mwaka 1986. Picha yake ya ufunguzi haina mtu. Ni jina, nyota na ardhi tupu. Shujaa wake amevaa deraya mwili mzima, anapigana, na wachezaji wengi walimdhania mwanamume. Mwishoni ndipo anapojulikana kuwa ni mwanamke. Na kwa njia gani? Mchezaji akimaliza upesi, shujaa huvuliwa deraya. Akizidi upesi, huonyeshwa kwa nguo ya kuogelea. Yaani ushujaa wote ule, na tuzo ni kumtazama!

Basi mwenye kudai utetezi asianzie pale wenzake walipoishia. Amchore mwanamke kazini, macho yake yakitazama aendako. Na sisi wazazi tusijivue: simu zenye michezo ya namna hii tumewanunulia watoto sisi wenyewe, wala hatukukaa nao hata siku moja tukaitazama picha hiyo ya kwanza.