Mwanakemia asiyefunzwa sumu

Mzazi, mwanao akipata barua ya kuitwa chuo kikuu kusomea kemia, nyumba nzima hujaa vigelegele. Ami huahidi tarakilishi, shangazi huchangia nauli, na jirani asiyejua kemia ni mdudu gani naye hutabiri kwamba kijana ataajiriwa kiwandani. Sijasikia katika hafla hizo mtu akiuliza swali hili: je, mtoto huyu atafunzwa kinachoifanya kemikali moja iwe dawa na nyingine iwe sumu?

Huenda ukaliona swali lenyewe kuwa la mzaha, maana nani ajuaye sumu kumshinda mwanakemia? Ukweli ni kwamba katika vyuo vingi duniani mwanafunzi aweza kusoma kemia tangu mwaka wa kwanza hadi shahada ya uzamifu bila kuhudhuria mhadhara hata mmoja kuhusu sumu. Somo hilo limeachiwa wafamasia na madaktari. Ni sawa na kumfunza mtu mapishi ya kila aina, usimwambie ni uyoga gani huua.

Aliyelisema jambo hili bila kuficha ni Mmarekani John Warner. Alikuwa mwanakemia katika kampuni ya Polaroid, ile ya kamera zilizotoa picha papo hapo, na kazi yake ilikuwa kuunda kemikali mpya. Mwanawe wa kiume alizaliwa na kasoro katika mirija ya nyongo, akafariki mwaka 1993 akiwa na umri wa miaka miwili. Warner amesimulia mara nyingi jinsi alivyokesha baada ya mazishi akijiuliza iwapo kuna kitu alichokigusa maabarani kilichomdhuru mtoto. Hakuna aliyethibitisha hivyo, na huenda hapakuwa na uhusiano wowote. Lakini kilichomuuma ni kwamba hakuwa na njia ya kujijibu. Kwa miaka yote aliyosoma, hakuna mwalimu aliyewahi kumweleza ni nini huifanya kemikali iwe na sumu.

Mwaka 1998 yeye na rafiki yake wa tangu utotoni, Paul Anastas, aliyekuwa mfanyakazi wa shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira, walichapisha kitabu chenye kanuni 12 za kile kinachoitwa kemia ya kijani. Warner alikuwa tayari ameacha kiwanda na kwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Boston, na huko ndiko ilikoanzishwa shahada ya kwanza duniani ya uzamifu katika kemia hiyo.

Kijani hapa si kupanda miti, wala si kupaka chupa rangi ili wanunuzi wavutiwe. Kanuni ya kwanza yasema ni heri kuzuia taka zisitokee kuliko kuhangaika kuzisafisha. Nyingine yataka kemikali ibuniwe kwa namna ambayo, ikishamaliza kazi yake, itaoza na kutoweka.

Chukua ibuprofeni, ile tembe ya maumivu ambayo karibu kila nyumba inayo. Ilipoanza kutengenezwa Uingereza katika miaka ya 1960, kazi ilipitia hatua sita, na kati ya atomi zote zilizotiwa mtamboni, takriban asilimia 40 tu ndizo zilizoishia kwenye dawa. Zilizobaki zilikuwa taka. Mwaka 1992 kiwanda kimoja cha Texas kilianza kutumia njia ya hatua tatu, na kiasi hicho kikapanda hadi asilimia 77. Tembe ni ile ile, nayo yatuliza kichwa vile vile.

Sasa tuingie darasani, maana hapo ndipo penye kazi. Wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, waliyapitia majaribio yao ya maabara moja baada ya jingine na kubadilisha yale yaliyotumia vitu vya hatari. Mojawapo ni la kutoa mafuta katika ganda la chungwa. Njia moja ya zamani ilikuwa kutumia kiyeyushi kama daikloromethini, ambayo mwaka 2024 serikali ya Marekani ilipiga marufuku matumizi yake mengi. Katika jaribio jipya, ganda lililoparuzwa hutiwa katika kichupa cha plastiki pamoja na barafu kavu, yaani kaboni dayoksaidi iliyogandishwa. Kichupa hufunikwa na kuwekwa katika maji ya uvuguvugu. Shinikizo hupanda, barafu hugeuka kuwa maji maji, na maji maji hayo hupenya kwenye ganda yakiyabeba mafuta. Mwishowe gesi hujiendea na chini hubaki tone la manjano linalonukia chungwa. (Vijana, msijaribu haya jikoni. Chupa ya glasi itapasuka iwatoboe macho.)

Zaidi ya hayo, majaribio mengi waliyoyabadilisha yaweza kufanyiwa juu ya meza ya kawaida, bila yale makabati ya kufyonza mvuke ambayo kuyanunua na kuyaendesha ni ghali. Kwa hivyo anayesema elimu hii ni anasa ya matajiri hajaipigia hesabu. Chuo chenye makabati mabovu ndicho kinachoihitaji zaidi.

Wapo wahadhiri wanaolalamika kwamba silabasi imejaa pomoni. Nawaelewa. Hata hivyo, hakuna anayewaomba waongeze somo, bali wabadilishe vifaa vya somo lililopo na kumtaka mwanafunzi aandike, kabla ya kugusa chupa yoyote, kilichomo chaweza kumfanyia nini mtu na samaki mtoni.

Tena si lazima tungoje chuo kikuu. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa kwa KCSE hufunzwa kutambua chumvi za madini ya risasi kwa rangi ya mashapo yake. Leo jioni akirudi nyumbani, muulize: mkimaliza, mashapo hayo mnayamwaga wapi? Akijibu kwamba ni kwenye sinki, muulize bomba la sinki hilo laelekea wapi. Kisha umwandikie mwalimu wake barua, kwa heshima, umuulize hayo hayo.